Mganga hajigangi: Ni nani anayemtunza mchungaji wa Mombasa?

TANGU miili ya zaidi ya watu 400 ianze kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwezi Aprili 2023, mjadala kuhusu wahubiri nchini Kenya umetawaliwa na neno moja: udhibiti. Mei mwaka huo serikali iliunda jopokazi chini ya Kasisi Mutava Musyimi. Jopo hilo lilikabidhi ripoti yake Julai 2024, likapendekeza sheria mahususi ya mashirika ya kidini. Kesi zinazomkabili mhubiri Paul Mackenzie, ambaye amekana mashtaka, zilianza kusikilizwa Mombasa mwaka huo huo wa 2024.

Ni haki mjadala huo uendelee. Taifa lililozika watu wengi kiasi hicho haliwezi kunyamaza. Hata hivyo, katika kelele zote hizo kuna swali ambalo halijapewa nafasi. Mchungaji wa kawaida, yule asiye na runinga wala walinzi, ni nani anayejua hali yake? Ni nani anayemjulia hali mkewe na watoto wake, si kwa jicho la mpelelezi bali kwa jicho la ndugu?

Wahenga walisema mganga hajigangi. Kauli hiyo hutumika sana kwa mzaha, lakini katika makanisa ya kisiwa cha Mombasa ni jambo zito. Hoja ya makala haya ni kwamba kumtunza mchungaji na kumwajibisha ni chanda na pete. Mchungaji ambaye hakuna anayemtunza ndiye huyo huyo ambaye hakuna anayemwuliza maswali. Asiyejua kama mwenzake amelala usiku hawezi kujua anapoanza kupotoka.

Makaburi ya ng'ambo

Mzigo huu si mgeni Mombasa. Ng'ambo ya mkono wa bahari unaotenganisha Mji wa Kale na Nyali, kuna kumbukumbu ya kaburi ambalo wakazi wengi hulipita bila kulitazama. Ni la Rosine, mke wa mmisionari Johann Ludwig Krapf. Wawili hao walifika Mombasa mwaka 1844. Julai mwaka huo huo Rosine alifariki kwa homa baada ya kujifungua, na muda mfupi baadaye mtoto wao wa kike akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa.

Historia inamkumbuka Krapf kwa sarufi, kamusi na tafsiri zake za Kiswahili. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kazi hiyo ilianza kwa msiba wa nyumbani, na kwamba mwaka 1853 aliondoka pwani hii kwa sababu ya afya.

Mwenzake, Johannes Rebmann, aliwasili mwaka 1846, na wawili hao wakafungua kituo cha Rabai. Rebmann alikaa huku kwa takriban miaka 29 bila kurejea Ulaya. Mkewe, Emma, alifariki mwaka 1866. Rebmann alipoondoka mwaka 1875 alikuwa amepoteza uwezo wa kuona, na mwaka uliofuata alifariki kwao Ujerumani.

Tukisoma habari hizi leo huwa tunazipamba kwa neno ushujaa. Ushujaa ulikuwepo, hapana shaka. Lakini ndani ya sifa hizo mlizaliwa pia mazoea mabaya: kwamba mtumishi wa kweli ni yule anayekwisha kama mshumaa, na kwamba mke na watoto ni sehemu ya sadaka yake. Mazoea hayo hayakuzikwa na wamisionari. Yalirithiwa.

Yafaa kukumbuka kwamba mafunzo ya makasisi wa Kianglikana nchini yalianzia hapa hapa. Chuo kinachojulikana sasa kama Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo, Limuru, kilianza Frere Town mwaka 1903, kikahamia Limuru mwaka 1930. Kwa hiyo Mombasa ilitangulia kuwaandaa wachungaji kwa kazi. Kilichobaki nyuma ni kuwaandalia namna ya kuishi ndani ya kazi hiyo.

Ndugu wa wasio na ndugu

Mtu akitembea barabara ya Nkrumah kutoka Ngome ya Yesu, atakutana na makanisa makuu mawili: lile la Waanglikana, lililojengwa kumkumbuka Askofu James Hannington na wengine na kukamilika mwaka 1905, na lile la Roho Mtakatifu la Wakatoliki. Mawe yake yanaonyesha uthabiti. Lakini Ukristo wa kisiwa hiki hauishi katika majengo hayo peke yake. Uko pia katika kumbi za kukodi za Majengo, Tononoka na Tudor, juu ya maduka, ndani ya madarasa ya shule siku za Jumapili, na chini ya mabati.

Waumini wengi wa makanisa hayo ni watu wa bara, au wazao wao. Walifuata kazi bandarini, reli, hotelini na katika biashara ndogondogo. Wazee wao wako Machakos, Busia, Siaya au Kakamega. Hapa ndipo kazi ya mchungaji wa Mombasa inapotofautiana na ya mwenzake wa kijijini.

Kijijini, mtu akifiwa kuna mjomba, shangazi na ukoo mzima. Kisiwani, mchungaji ndiye mjomba, na mkewe ndiye shangazi. Mtu akifa hospitalini, yeye ndiye wa kwanza kupigiwa simu. Ataongoza kamati ya mazishi, atahesabu michango ya kusafirisha maiti hadi magharibi mwa nchi, na pengine atasafiri nayo. Kijana akikamatwa, atafika kituoni. Wanandoa wakigombana usiku, watabisha mlango wake. Mtoto akikosa karo, mama atakuja na fomu mkononi.

Hakuna hata moja kati ya kazi hizo iliyoandikwa popote. Mahubiri ya Jumapili, ambayo ndiyo watu huyaona, ni sehemu ndogo tu ya juma lake. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ukiutazama kutoka mbali, waonekana mwepesi.

Kwa Musa, Biblia inasimulia, alihitajika mkwewe Yethro kumwambia kwamba kazi ya kuamua mashauri ya watu kutwa nzima itammaliza yeye pamoja na watu wenyewe. Musa hakuliona jambo hilo mwenyewe. Aliyeliona ni mtu wa nje ya kambi, na aliyelisema alikuwa jamaa.

Miaka ya hofu

Juu ya mzigo huo wa kila siku, pwani imewaongezea wachungaji wake mwingine. Agosti 1997, ghasia zilipozuka Likoni, maelfu ya watu wa bara walikimbilia Kanisa Katoliki la Likoni. Kanisa likageuka kambi.

Agosti 2012, baada ya Sheikh Aboud Rogo kuuawa kwa risasi, vijana wenye hasira walishambulia makanisa mjini, ingawa makanisa hayo hayakuhusika na mauaji hayo. Oktoba 2013, baada ya kuuawa kwa Sheikh Ibrahim Omar, kanisa la Jeshi la Wokovu Majengo liliteketezwa kwa moto. Mwezi huo huo mchungaji mmoja aliuawa ndani ya kanisa lake eneo la Vikwatani, kaskazini mwa kisiwa. Machi 23, 2014, watu wenye bunduki walivamia ibada ya Jumapili huko Likoni, na watu 6 wakapoteza maisha.

Katika kipindi hicho baadhi ya wachungaji walifikia hatua ya kuiomba serikali bunduki za kujilinda. Ombi hilo lilizua ubishi, na wengi waliliona kuwa halilingani na joho. Lakini waliolicheka hawakuuliza swali la pili: ni hofu ya kiasi gani inayomfanya mtu wa mimbari aombe bunduki? Na Jumapili iliyofuata, ni nani aliyekaa na familia yake wakati yeye amesimama akiwaambia waumini wasiogope?

Haki inataka isemwe pia kwamba hofu hiyo haikuwa ya Wakristo pekee. Maimamu na masheikh nao walitishwa na wengine kuuawa. Viongozi wa dini zote waliokutana katika Baraza la Viongozi wa Dini la Pwani, linalojulikana kwa ufupi kama CICC, walibeba kazi ya kuwatuliza vijana wa pande zote huku wao wenyewe wakiwa hawana wa kuwatuliza.

Kisha likaja janga la korona. Machi 2020 nyumba za ibada zilifungwa. Aprili Mombasa ilizuiwa kutoka na kuingia, na Mei 6 Mji wa Kale ukafungwa peke yake, watu wasitoke wala kuingia. Ibada ziliporuhusiwa tena Julai, zilikuwa za watu wasiozidi 100 kwa saa moja, na wenye umri wa zaidi ya miaka 58 hawakuruhusiwa kuhudhuria. Kwa kanisa linaloishi kwa sadaka ya wiki hadi wiki, milango ikifungwa mapato hukatika siku hiyo hiyo. Kodi ya ukumbi haikusimama, wala kodi ya nyumba ya mchungaji. Wakati huo huo ndio ambao waumini waliofukuzwa kazi hotelini walimhitaji zaidi.

Nyumba isiyo na pazia

Anayelipa gharama kubwa kuliko wote mara nyingi hatajwi. Ni mke wa mchungaji. Katika makanisa mengi, siku mumewe anapopewa kazi, yeye naye amepewa: ataongoza akina mama, atapokea wageni, atatembelea wagonjwa, na atafanya yote hayo bila jina wala malipo. Jeshi la Wokovu, ambalo kwa desturi huwapa mume na mke cheo cha uafisa wote wawili, angalau linakiri waziwazi kwamba mke anafanya kazi. Kwingineko kazi ipo ila haitambuliwi.

Asipotabasamu, anaitwa mwenye maringo. Akivaa vizuri, sadaka zimeliwa. Akivaa vibaya, analiaibisha kanisa. Akiwa na huzuni, hana pa kuipeleka, kwa maana mtu ambaye wanawake wengine wote humwendea, yaani mchungaji, ndiye mumewe. Akilalamika kwa rafiki katika kanisa, jambo la chumbani litakuwa gumzo la kanisa kabla ya Jumapili.

Watoto nao hukua wakipimwa kwa kipimo ambacho wenzao hawapimwi. Kosa la mtoto wa mvuvi ni la mtoto. Kosa la mtoto wa mchungaji ni la kanisa. Katika madhehebu yenye utaratibu wa uhamisho, hubadilishwa shule na marafiki kwa barua moja ya askofu.

Na upo wakati mgumu zaidi: mchungaji anapostaafu au kufariki. Nyumba aliyoishi ni ya kanisa, na mrithi wake anaingojea. Mjane aliyewapikia wageni wa kanisa kwa miaka mingi anajikuta akitafuta chumba cha kupanga katika mji ambao kodi zake hazina huruma. Katika makanisa ya kujitegemea, ambako mara nyingi hakuna akiba ya uzeeni wala bima, hali huwa mbaya zaidi. Ndiyo maana wachungaji wengine wazee hawataki kuachia mimbari. Watu huita uroho wa madaraka. Wakati mwingine ni woga wa njaa.

Je, si wito?

Wapo watakaopinga. Watasema wahubiri ni matajiri, wanaendesha magari makubwa na kuuza miujiza, kwa hiyo hawahitaji huruma ya mtu. Hilo ni kweli kwa wachache, na wachache hao wanastahili kuulizwa maswali makali. Lakini kuwahukumu wachungaji wote kwa hao ni sawa na kuwahukumu walimu wote kwa wamiliki wa shule za kifahari.

Wengine watasema uchungaji ni wito, si ajira, na aliyeitwa atatunzwa na aliyemwita. Jibu limo katika Maandiko yenyewe. Nabii Eliya alipochoka hadi akaomba kufa, akiwa chini ya mretemu jangwani, hakukemewa kwa upungufu wa imani. Kwanza alipewa usingizi, mkate na maji. Mazungumzo kuhusu kazi yalifuata baadaye. Kanisa linalomhimiza mchungaji aliyechoka aongeze siku za kufunga limeigeuza hadithi hiyo kichwa chini.

Kuna hoja nyingine nzito zaidi. Mchungaji ambaye mapato yake hayana maandishi hutegemea hisia za waumini. Akihubiri jambo chungu, sadaka hupungua. Akimkemea tajiri wa kanisa, kodi ya nyumba hukosekana. Polepole hujifunza kusema yale yanayopendeza, au hujifunza kukusanya fedha kwa vitisho na ahadi. Makosa mengi tunayoyalaani katika mahubiri ya siku hizi hayakuanza na tamaa. Yalianza na mtu asiyejua watoto wake watakula nini Jumatatu.

Aidha, upweke wa kiongozi ni udongo ambamo kiburi hustawi. Aliyezoea kuwa yeye peke yake ndiye mwenye majibu, asiye na mkubwa, rika wala rafiki wa kumwambia hapana, huanza kuamini kwamba sauti yake ni sauti ya mbinguni. Sheria inaweza kumwadhibu mtu kama huyo baada ya madhara. Kumgundua mapema ni kazi ya watu walio karibu naye.

Somo la jirani

Kwa bahati njema, kisiwa hiki kina mfano wake wa kale ambao Wakristo wanaweza kuutazama bila haya. Katika Mji wa Kale, kwa vizazi vingi, Waislamu wameweka wakfu nyumba, maduka na mashamba ili mapato yake yahudumie misikiti na mambo ya heri. Tume ya Wakfu ya Kenya ina makao yake hapa Mombasa. Si kwamba kila imamu anaishi kwa raha. Wapo wengi wanaohangaika. Wala wakfu hazijasalimika na migogoro. Lakini wazo lenyewe ni la busara: huduma ya ibada isitegemee sadaka ya wiki hii pekee, bali iwe na mali inayozaa hata baada ya mtoaji kufa.

Makanisa mengi yana viwanja na kumbi. Ni machache yaliyoamua kwamba sehemu ya kodi inayopatikana humo itakuwa ya wajane na wastaafu, na kuliandika hilo ili lisibadilishwe na kamati inayofuata.

Nini kifanyike

Kwanza, makubaliano yaandikwe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila saba, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi. Wanasheria wanaweza kubishana iwapo mchungaji ni mwajiriwa au la. Hakuna kinachozuia kanisa kukitumia kipimo hicho. Jumapili si siku ya mapumziko ya mchungaji. Basi atajiwe nyingine, na waumini waiheshimu.

Pili, makanisa ya kisiwani yabadilishane mimbari. Kutoka Tudor hadi Ganjoni si safari. Wachungaji wanne wakikubaliana, kila mmoja anaweza kupata mwezi wa kupumzika bila kanisa lolote kukosa mahubiri.

Tatu, kila mchungaji, na mkewe kwa upande wake, awe na mtu wa kusikiliza siri zake ambaye hayuko chini yake wala juu yake. Mtu huyo anaweza kuwa mstaafu wa dhehebu jingine au mshauri nasaha aliyefunzwa. Sharti moja: asiwe na mamlaka ya kumhamisha wala ya kumfukuza. Watu hawamwambii ukweli anayeandika barua zao za uhamisho.

Nne, mchango wa NSSF na wa bima ya afya ya jamii ulipwe na kanisa kila mwezi, kabla ya spika mpya na kabla ya mapambo ya sikukuu. Kanisa lisiloweza kulipa lote lianze na sehemu, na kiasi hicho kisomwe hadharani katika mkutano wa mwaka.

Tano, mchungaji naye akubali kuulizwa. Hesabu za kanisa zikaguliwe na watu asiowateua yeye, na mafundisho yake yapimwe na wenzake. Hawezi kudai kutunzwa kama ndugu huku akitaka kuogopwa kama mfalme.

Serikali ina nafasi yake, lakini haiwezi kuyafanya hayo kwa niaba ya waumini. Itasajili, itakagua na itashtaki. Haina uwezo wa kubisha mlango wa nyumba ya mchungaji jioni ya Jumatatu na kuuliza kama watoto wamekula.

Msimu wa mikutano ya mwaka utakapofika, wazee wa makanisa watakaa na kupitisha bajeti. Kutakuwa na fungu la ukarabati, la vyombo vya muziki, la mikutano ya injili katika uwanja wa Tononoka. Kabla ya kupiga kura, mzee mmoja anyooshe mkono na kuuliza: mchungaji wetu akianguka leo, mkewe atalala wapi mwezi ujao? Kanisa lisilokuwa na jibu la swali hilo lisipitishe bajeti hadi lilipate.